Jina Yangu, Damu Yako

Wamagana, Tetu
Jumapili, 11/2/2024

Kwako kaka Kingori,

Pokea salamu kutoka kwa baridi. Mwili yako inasema nini na hiyo joto ya Pwani? Huku tuko sawa. Mama mguu imepona, mdogo wetu Wamucii amerudi shule, na ile ng'ombe nyeusi imezaa ndama ya kike. Mvua ndio bado.

Nakuandikia sababu kwa simu siwezi. Unajua Mama huweka simu kwa spika juu ya meza, na kila mtu mwenye amekuja kununua maziwa anasikia. Mimi watu wakisikia, maneno inakwama kwa koo. Kwa karatasi haikwami. Makosa usicheke, unajua niliachia darasa la sita. Barua nimepatia Ben wa lori ya kabichi, amesema akishusha mzigo huko soko atakutafuta.

Sasa, kaka. Ile kitu ulimwambia Mama Jumapili ingine ni ukweli? Ati uliingia kwa utafiti, mkawekwa mahali pamoja, mkadungwa sindano iko na vidudu vya malaria, wenzako wakaanguka na wewe ukakataa kuanguka? Mama alisikia hiyo maneno akakaa chini. Akasema, "Hiyo ni damu ya baba yangu." Akaanza ile hadithi ya Guka, vile wakati wa Emajensi ya mkoloni alifungwa kambi ya Mwea kuchimba mitaro ya mpunga, watu wanatetemeka na homa kushoto na kulia, na yeye hakuwahi kulala mchana hata siku moja. Leo ameisimulia kanisani, mbele ya wamama wote.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na kiti mkononi. Nikangoja aseme jina. Hakusema.

Unajua vile imekuwa. Wewe wa kwanza ulipewa jina ya baba ya Baba. Mimi wa pili nikapewa ya baba ya Mama. Guka alikuwa Muriithi, mimi ni Muriithi. Tangu nizaliwe Mama hajawahi kuniita mtoto, ananiita Baba, sababu mimi ndio yeye amerudi. Hata wakati ananitandika ananiita Baba. Na juzi kwa simu nikasikia akikuambia wewe, "Kula vizuri, Baba."

Nilikuwa nakamua. Nilisikia vizuri.

Kwa hivyo mwambie huyo daktari yenu vile sisi hufanya na majina. Mwambie kama anatafuta damu ya Guka, mwenye jina ako nyumbani, hajaenda mahali.

Mdogo wako,
Muriithi


Pwani, 23/2/2024

Mdogo wangu Muriithi,

Hujambo wewe mtu wa maziwa? Barua yako imefika ikinuka kabichi. Mimi mzima, nimerudi kwa kazi yangu ya kuweka vigae, joto linanipika lakini samaki ninakula. Nisalimie hiyo ndama na umpe jina kabla Mama hajampa.

Nimecheka, lakini si makosa yako ya kuandika. Nimecheka nikikuona na kiti mkononi.

Ni kweli. Tulikuwa kumi na wawili. Wengine walikuwa watu wa hapa, na wengine wa kutoka mahali hakuna malaria, walitaka kulinganisha. Sisi wa milimani ndio walijua tutaanguka kwanza, kwa sababu mwili wetu haujawahi kuona hicho kidudu. Kulikuwa na Mwenda, kijana wa Meru, siku ya kumi alitetemeka mpaka kitanda kikasogea, wakampa dawa haraka. Mimi nilikuwa ninakula wali. Siku zote ishirini na moja ninakula wali. Mwishowe wakanipa dawa tu kwa sababu sheria inasema kila mtu apewe.

Daktari ni mama mmoja wa huku, mpole. Alinichorea kwa karatasi. Alisema kidudu kikiingia kwa damu kinatafuta zile chembe nyekundu, kiingie ndani kizae. Juu ya ngozi ya hiyo chembe kuna vitu vinaitwa protini, ndivyo kinashika ili kiingie. Sasa zangu zimeumbwa tofauti kidogo, na ngozi ya chembe imekazika kama mpira umejazwa upepo. Kidudu kinasukuma, kinateleza. Kikichelewa hivyo, askari wa mwili wanapata nafasi ya kukijua na kukipiga. Watu wa huku wachache wako nayo. Mtu wa Nyeri aliye nayo alikuwa hajawahi kumwona.

Nilimweleza habari ya jina. Hakucheka, aliandika. Halafu akasema, "Inapita kwa mzazi, haipiti kwa jina." Na akasema pengine hata si ya Guka. Mama anaweza kuwa aliipata kwa Cucu, mama yake, na Guka akawa tu na bahati na moshi mwingi wa kufukuza mbu.

Wanataka kupima Mama, wewe na Wamucii. Kuna mtu atakuja kutoka Nyeri mjini na chupa ndogo. Tafadhali usitoroke uende kwa majani chai.

Hiyo ya Mama kuniita Baba, ni mdomo tu. Mama akifurahi anaita hata paka Baba.

Mkubwa wako,
Kingori


Wamagana, 24/3/2024

Kwako kaka,

Natumai joto haijakumaliza. Huku mvua imeanza, mahindi imetoka, wote wazima isipokuwa Wamucii ana kikohozi ndogo.

Mama hajawahi kuita paka Baba. Tuko na hiyo paka miaka saba.

Mtu wa chupa alikuja. Mama alitoa vikombe vya sherehe, zile hazikutolewa hata siku ya matanga ya Baba. Yeye alidungwa wa kwanza akaangalia pembeni kama msichana. Wamucii alilia. Mimi sikutoroka. Nilikunja shati mwenyewe na nikaangalia sindano mpaka ikatoka. Damu yangu ilikuwa nyeusi kuliko ya Wamucii, hiyo niliona. Mama akauliza huyo mtu, "Inakaa kama ya Kingori?" Yule akasema, "Mama, damu zote kwa macho ni moja." Mama akasikitika. Nilimwona.

Nataka pia ujue ametoa picha yako ya kumaliza shule, fomu foo, kwa chumba ya wageni akaiweka karibu na ya Guka. Yangu hakuna. Sijawahi kupigwa moja ya kuwekwa kwa fremu. Nikiingia na maziwa asubuhi mnaniangalia wawili.

Sijakasirika. Ninakuambia tu vile iko.

Yule alisema majibu itachukua wiki. Mimi nimefikiria, kaka. Guka hakuwekwa kwa chupa. Hakuna mtu alimdunga sindano halafu akamletea wali. Alikaa tu Mwea, mbu ikamjaribu, ikashindwa. Kuna njia ya kujua bila daktari.

Kuna mtu anatafuta watu wa kupalilia mpunga huko Mwea. Pasaka ikiisha nitaenda. Mama nitamwambia naenda hapa karibu Othaya kuchuna majani chai, Wamucii atakamua. Wewe usimwambie. Nimekuomba kitu gani tangu uende? Hakuna. Hii ndio ya kwanza. Apa.

Mdogo wako,
Muriithi mwenyewe


Pwani, 9/4/2024

Muriithi,

Umeamkaje huko kwenye matope? Kama una afya leo ninashukuru, na ninasema leo tu.

Nimeapa, kwa sababu wewe ulikuwa umeshaondoka kabla sijasoma. Lakini sikiza. Nimemwomba Ben asimame Makutano akupe hii mkononi, na umsomee kwa sauti ajue umeielewa.

Majibu yametoka. Mama anayo. Mimi ninayo. Wamucii hana. Wewe huna.

Nimemuuliza daktari mara tatu. Alinionyesha mstari wako kwa karatasi ya majibu, uko sawa kabisa na wa watu wengi wa huko kwetu. Si ugonjwa, si aibu, si kwamba Guka amekukataa. Ni kama Mama alikuwa na mifuko miwili akatoa kwa mmoja wakati wangu na kwa mwingine wakati wako. Hakuchagua.

Sasa wewe ndiye mtu mbaya zaidi wa kulala Mwea. Watoto wa huko wameumwa na kupona mara nyingi, mwili wao umesoma. Wako haujaenda hata siku moja shuleni, na usifikirie nakutukana. Malaria ya Mwea imepungua lakini haijahama. Lala ndani ya neti. Kichwa kikiuma, mwili ukiwa baridi na jua linawaka, nenda zahanati ya hapo hapo siku hiyo.

Na usikimbilie nyumbani kwanza. Huko Tetu hakuna mtu anafikiria malaria. Watakuangalia waseme taifodi. Ukifika kwa daktari yeyote, neno la kwanza sema ulikuwa Mwea. Hata kabla ya jina lako.

Rudi, ndugu yangu. Picha hiyo nitamwambia Mama aitoe.

Mkubwa wako,
Kingori


Mwea, 26/4/2024

Kaka Kingori,

Hapa mimi mzima sana, zaidi ya vile ungependa. Wewe aje?

Ben alinipatia barua. Sikumsomea. Aliniuliza, "Kaka yako anasemaje?" nikamwambia unasalimia.

Nimeisoma mara nyingi jioni nikimaliza kazi. Unasema Mama na wewe. Yaani wenye wako nayo ni wale wawili wenye wanaongea kwa simu kila Jumapili. Sijasema unadanganya. Nimesema tu nimeona vile imetokea.

Leo ni siku ya ishirini na mbili hapa. Nimesimama kwa maji kutoka asubuhi mpaka saa kumi, mguu imekuwa kama ya bata. Mbu hapa jioni inaimba kama kwaya. Neti mwenye nyumba alinipatia, anaitwa Magdaline, mama ya makamo ako na mdomo. Nilimrudishia, amefunika nayo miche ya nyanya. Akaniambia, "Wewe mtu wa mlimani, umekuja hapa kutafuta kazi ama kaburi?" Nikamwambia mimi ni Muriithi, guka yangu alikuwa hapa. Akasema, "Hata wangu alikuwa hapa. Na alikuwa na akili ya kulala kwa moshi." Wafanyikazi wakacheka.

Jumapili nilitembea mpaka mtaro kubwa. Nikafikiria ni gani yeye alichimba. Hakuna mahali imeandikwa. Nikaingiza mkono kwa maji kidogo nikatoa.

Siku ishirini na mbili, kaka. Wewe ulikaa ishirini na moja. Na wewe ulidungwa mara moja na mtu amevaa glavu. Mimi nimeumwa na mbu wenyewe, usiku wote, bila mtu wa kuandika kwa kitabu. Kati yetu ni nani amepimwa vizuri?

Nilipigia Mama juzi, mstari ilikuwa mzuri. Nikamsalimia. Akasema, "Umesikia kutoka kwa Kingori?"

Nitarudi mwezi ikiisha, na miguu yangu.

Mdogo wako,
Muriithi


Pwani, Jumapili 12/5/2024

Muriithi,

Siulizi uko aje, kwa sababu najua.

Nimepigia Mama leo. Amesema ulirudi "kutoka Othaya" ukiwa na baridi ya mwili, ukaenda kliniki, wakasema taifodi, umekunywa vidonge siku tano na sasa macho yako ni ya manjano na husimami. Ameniambia akipunguza sauti, kama anaogopa uko hapo nyuma ya mlango.

Nimemuuliza, kliniki waliuliza kama amesafiri? Akasema, "Waliuliza. Alisema Othaya tu."

Nimevunja neno nililokuapia. Nimemwambia Mama: Mwea, siku karibu thelathini, bila neti. Nilisikia simu ikianguka kwa meza. Halafu nikasikia akiita majirani.

Nichukie ukipona. Barua hii inaondoka na Ben. Mimi ninamaliza sakafu ya mtu kesho na ninakuja na basi, pengine nitaifikia njiani.

Mkubwa wako


Wamagana, 16/6/2024

Kwako kaka Kingori,

Natumai ulifika salama na mwenye sakafu hakukufokea. Mimi nimeanza kukamua tena, ng'ombe mbili tu, kisha nakaa chini. Mama mzima. Wamucii mzima. Chakula naingiza. Uji ndio nimechoka nayo.

Barua yako ya mwisho ilifika baada ya wewe mwenyewe. Nimeisoma wiki hii. Sikuchukii kwa hiyo simu. Niko na kitu ingine ya kukuambia na ukiwa hapa sikuweza, siku zote tisa ulikuwa unaketi kwa hiyo kiti na mimi nageukia ukuta.

Kliniki waliniuliza kweli. Yule dada alishika kalamu akasema, "Umetoka nje ya Nyeri hivi karibuni?" Kichwa ilikuwa inapasuka. Nilijua jibu. Barua yako ilikuwa kwa mfuko ya koti, imekunjwa. Neno ilikuwa hapa mdomoni, kidogo tu, Mwea. Lakini nikisema Mwea nimesema pia ile ingine, kwamba sina. Mama alikuwa amesimama hapo na shuka. Nikasema Othaya. Nilifikiria kama ni taifodi basi bado mimi ndio yeye. Nilitaka iwe taifodi, kaka. Niliomba Mungu.

Baada ya wewe kupiga, Mama aliingia kwa chumba yangu na viatu vya shamba. Hakunifokea. Aliniangalia tu, akasema, "Ulikuwa unaenda kufa ndio nikuone?" Jirani Ngugi alinibeba kwa pikapu yake, nyuma, juu ya magunia. Hospitali walitoa damu kwa kidole na mtu wa maabara akaita wenzake waje waangalie kwa darubini. Akasema hajaona vidudu nyingi hivyo tangu amalize chuo. Nilisikia mmoja anasema, "Hizi zimeingia kila mahali, hakuna chembe imezuia." Nilijua ni mimi anasema.

Wakanipatia dawa kwa mshipa. Halafu wakasema damu imebaki kidogo, lazima niongezewe. Hapo ndio ulifika.

Ulidhani nimelala. Mlango ilikuwa wazi na mimi nilikuona. Uliingia na begi, hujanawa uso, ukamwambia nesi, "Toa yangu. Toa yote mnataka, damu yangu hata malaria haiiwezi." Ulikuwa umekunja shati mpaka juu. Ulikuwa na ile uso yako ya wakati ulipita mtihani. Nikasema moyoni, sasa imeisha. Ameipata, na sasa ataniwekea ndani, na nitatembea miaka yote na damu ya Guka nimegawiwa na Kingori.

Nesi akakuuliza maswali yake. Ulikuwa mgonjwa lini. Unakunywa dawa gani. Ukamwambia ukweli yote, ya utafiti. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Wewe uliwekewa malaria kwa makusudi, halafu unataka nitoe damu yako nimwekee mgonjwa wa malaria? Keti huko." Ukamwambia walikutibu, ukatoa karatasi. Ukamwambia daktari yenu apigiwe. Akasema, "Hata kama ni dhahabu, hapa haiingii. Anayefuata."

Kaka, nilifurahi.

Nilikuwa nakufa na nilifurahi. Ilikuwa kama mtu amenimwagia maji ya moto kwa miguu. Mara ya kwanza tangu Februari mtu ameangalia damu yako akasema hapana. Nililala pale nikishukuru huyo nesi, na mimi ndio nilikuwa naihitaji.

Chupa yenye waliniwekea ilitoka kwa friji. Nilimuuliza nesi ni ya nani. Akasema hawajui, iko na namba tu, mtu alitoa siku fulani akaenda zake. Niliiangalia ikiingia, tone kwa tone, ya mtu hata jina hana. Baada ya chupa ya pili niliweza kukaa. Hiyo ndio iko ndani yangu sasa nikikuandikia.

Nilitaka ujue hiyo ya kufurahi. Mama sijamwambia. Yeye anadhani nilikuwa nageukia ukuta sababu ya homa.

Na niliona ingine. Dirisha ya wodi inaangalia geti. Uliachana na nesi ukatoka nje, ukapita kwa ile ukungu ya asubuhi, watu wote wamejifunga makoti mpaka masikio. Wewe mtu wa joto, ulikuwa na shati moja. Ukasimama hapo geti muda mrefu umegeukia ukuta ya nje. Na ile mkono ya shati bado ilikuwa imekunjwa juu, mkono imekaa wazi kwa hiyo baridi, kama unangoja waje wabadilishe maneno.

Nilitaka kukuita. Dirisha haifunguki, na sauti yangu unaijua.

Mdogo wako,
Muriithi